Maswali Yenu: Homa Haingoji Kukuche

Wanaouliza majani ya kusafisha damu wasinitumie tena. Nimejibu hadi nimechoka: hayatibu lukemia, yaani saratani ya damu, na mengine hugongana na dawa na kuumiza ini.

*Mume wangu yuko kwenye kemo, dawa za kuua saratani. Usiku joto lilipanda hadi nyuzi 38.4, nikampa parasetamoli, ikashuka. Nilikosea?*

Ulikosea, mama, na hauko peke yako. Kemo hupunguza chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, kwa hiyo maambukizi yanaweza kuingia bila usaha wala kikohozi. Homa huenda ikawa dalili pekee. Ukiishusha kienyeji, umemfunga mdomo mbwa na mwizi yumo ndani. Ikifika 38, piga simu hospitali, hata saa 8 usiku. Antibiotiki za mshipa hutakiwa ndani ya saa moja baada ya kufika. Mimi nilipokuwa kwenye kemo niliona haya kuwasumbua, nikangoja kukuche. Nililazwa siku 11. Tangu hapo begi lilikaa mlangoni: kadi, orodha ya dawa, chaja, soksi. Na kipimajoto ni cha kinywani au kwapani, kamwe si cha njia ya haja kubwa.

*Lukemia inaambukiza?*

Hapana. Mafua yako ndiyo yanayoambukiza, kwa hiyo baki nyumbani.

*Nina lukemia sugu ya mieloidi, nameza imatinibu mwaka wa pili na vipimo ni safi. Nipumzike wikendi?*

Usithubutu! Dawa hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2001 na ikabadilisha kabisa ugonjwa huu, lakini kwa anayemeza kila siku. Kurukaruka dozi hufungua njia ya usugu, yaani ugonjwa kuacha kuisikia dawa. Wapo wanaoachishwa, ila ni baada ya miaka ya majibu mazuri, tena kwa kupimwa mara kwa mara. Daktari ndiye anayeamua, si Jumamosi. Imeze na chakula na glasi kubwa ya maji, kichefuchefu kitapungua. Juisi ya balungi achana nayo, huongeza dawa kwenye damu.

*Rafiki yangu anaanza kemo. Nimwambie nini?*

Usimwambie "jikaze." Fua, peleka watoto shule, kachangie damu: chembe sahani, zile za kugandisha damu, hazihifadhiki zaidi ya wiki moja hivi. Aliyenifaa kuliko wote alikuja na mashine ya kunyolea, si wembe, maana chembe sahani zikishuka mkwaruzo mdogo tu huvuja damu isiyokatika. Akaninyoa kimya, akafagia nywele, akaondoka. Wenye hotuba walikaa hadi usiku.