Nafaka Ninayoipanda Ili Niikate Kabla ya Kukomaa

Masika ya mwaka 2024, yale yaliyofurisha mito ya Nairobi na kuwaacha watu wengi wa Mathare bila makao, yalilikuta shamba langu likiwa limelimwa na halijapandwa kitu. Shamba lenyewe ni robo ekari pale Mutuini, Dagoretti, kwenye udongo mwekundu unaoteremka hadi kijitoni, na nilikuwa nimelilima mapema nikitumaini kupanda sukuma wiki mara tu mvua itakapotulia. Mvua haikutulia. Asubuhi moja mwishoni mwa Aprili niliteremka nikakuta maji yamechimba mfereji katikati ya shamba, kina chake kikinifika karibu na goti, na samadi niliyoitandaza mwezi wa Machi imekwenda pamoja na udongo wa juu, ambao ndio wenye rutuba. Jirani yangu wa upande wa juu, ambaye mteremko wake ni mkali kuliko wangu, hakupoteza hata robo ya nilichopoteza mimi, kwa sababu kipande chake kilikuwa kimefunikwa na nyasi za ng'ombe.

Tangu mwezi wa Mei mwaka huo nimekuwa nikipanda oti katika kipindi ambacho sina mboga shambani, si kwa ajili ya kuvuna punje, bali kwa ajili ya kuufunika udongo. Ninamshauri kila mwenye shamba dogo katika viunga vya jiji hili afanye hivyo, lakini ninamshauri kwanza asikilize makosa niliyoyafanya, kwa maana nafaka hii ikikatwa kwa wakati wake hulijenga shamba, na ikiachwa ipitilize huleta taabu ya msimu mzima.

Nimechagua oti kwa sababu ya baridi. Kuanzia Juni hadi Agosti anga ya Nairobi hufunga, jua huonekana kwa nadra, na mimea mingi tunayoizoea hudumaa. Oti ndiyo hushamiri wakati huo. Mizizi yake ni ya nyuzinyuzi, husambaa karibu na uso wa ardhi na kuushika udongo pande zote, tofauti na mizizi ya mikunde ambayo mingi hushuka kwa mzizi mmoja mkubwa. Aidha, oti hunyonya nitrojeni iliyobaki baada ya mboga, ambayo vinginevyo ingezama chini na maji ya mvua, na kuihifadhi katika majani yake hadi tutakapoyarudisha ardhini. Magugu nayo hukosa nafasi. Kishonanguo, ambacho kila mwaka kilinigharimu vibarua wa palizi, kilipungua sana katika kipande nilichopanda oti nzito.

Ninapanda kati ya wiki ya pili na ya mwisho ya Mei, wakati udongo bado una maji ya masika. Ukichelewa hadi katikati ya Juni, mbegu huota kwa kusitasita na magugu huitangulia. Kwa ploti ya futi 50 kwa 100, ambayo ni kama thumuni ya ekari, kilo 5 za mbegu zinatosha. Ninazigawa mara mbili: nusu ya kwanza ninaitawanya nikitembea kwa urefu wa shamba, nusu ya pili nikitembea kwa upana, kisha ninapitisha reki ili mbegu zifukiwe sentimita mbili au tatu. Mbegu zinazobaki juu huliwa na ndege na kuku wa majirani.

Kuhusu mbegu, oti ya uji inayouzwa dukani haioti, kwa kuwa imepikwa kwa mvuke na kubanwa hadi ikawa bapa. Tafuta oti ya malisho, ile ambayo wafugaji wa Nyandarua na Nakuru huwapandia ng'ombe wa maziwa, na hata ukishaipata usiiamini kabla ya kuijaribu. Mwaka wa kwanza niliuziwa mfuko uliokaa ghalani muda mrefu, na shamba langu likaota mabaka mabaka kama kichwa chenye mashilingi. Siku hizi ninahesabu punje 100, ninazikunja katika kitambaa kibichi, na baada ya siku saba ninahesabu zilizoota. Zikiwa chini ya 80, ninaongeza kiasi cha mbegu au ninairudisha dukani.

Sasa nije kwenye kukata, ambako ndiko nilikokosea. Mwaka ule wa 2024 niliiacha oti isimame hadi Septemba, kwa kuwa ilipendeza macho na nilidhani kwamba majani yanavyozidi kuwa mengi ndivyo faida inavyozidi. Masuke yalikauka, mabua yakawa ya rangi ya dhahabu, nami nikayafukia yote kwa jembe na kupanda miche ya sukuma wiki juu yake Oktoba. Ndani ya wiki tatu majani ya chini ya sukuma yaligeuka manjano, miche ikasimama pale pale, na punje zilizopukutika zikaota kila mahali katikati ya mistari. Nililaumu miche, kisha nikalaumu mvua, na zote mbili hazikuwa na hatia. Vijiumbe vinavyoozesha mabua huhitaji nitrojeni ili vifanye kazi yao. Majani machanga ya oti yana takriban sehemu 20 za kaboni kwa kila sehemu moja ya nitrojeni, kiwango ambacho vijiumbe hukimudu bila shida, ilhali mabua makavu yanaweza kufikia sehemu 80 kwa moja. Vinapolishwa mabua ya namna hiyo, huchukua nitrojeni yote iliyomo udongoni, na mboga hubaki na njaa hadi uozo utakapokamilika.

Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu unaotegemea nitakachofanya na majani. Nikitaka kuyafukia, ninakata mapema, wakati suke bado limo ndani ya shina na unaweza kulihisi kwa vidole kama uvimbe chini ya jani la mwisho. Oti iliyokatwa katika umri huo huchipua tena, na machipukizi hayo lazima uyang'oe kwa jembe baada ya wiki mbili. Nikitaka kuyaacha juu kama matandazo, ninasubiri hadi masuke yatokeze na kuanza kuchanua, kwani hapo mmea ukikatwa chini kabisa kwa slasha mara nyingi haurudi, na majani yaliyo juu ya ardhi hayagombanii nitrojeni na mizizi kama yale yaliyofukiwa. Njia hii ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi kwenye mteremko. Katika nchi zenye majira ya barafu, oti huuawa na baridi na mkulima huokolewa kazi ya kuikata. Hapa kwetu hakuna baridi ya kufanya hivyo, na usipokata wewe, hakuna atakayekukatia.

Julai iliyofuata niling'oa shina moja kwa uma, polepole, ili nione kilichokuwa kikiendelea chini. Donge lilitoka zima, kubwa kuliko vitanga viwili vya mkono, na nilipolitikisa halikumwagika. Udongo ulikatika vipande vidogo vidogo vya duara, kila kimoja kikining'inia kwenye uzi wa mzizi mweupe, na katikati mlikuwa na nyungunyungu wawili. Nilichimba pia hatua mbili kando, kwenye njia isiyopandwa kitu, na pale udongo ulitoka kama tofali.

Baada ya kukata, subiri wiki mbili hadi tatu kabla ya kupanda mbegu ndogondogo kama karoti, vitunguu na letasi, kwa sababu mabaki ya nafaka yanapoanza kuoza yanaweza kuzuia mbegu hizo zisiote vizuri. Miche iliyokwisha kukomaa kitaluni haisumbuki sana. Ikiwa shamba lako limewahi kupata mnyauko wa bakteria, ule unaokausha nyanya ghafla zikiwa bado za kijani, basi kuweka nafaka mahali pa nyanya, viazi, biringanya na pilipili ni hatua ya maana, kwa kuwa nafaka haiulishi ugonjwa huo.

Haya yote nimeyasema kwa mtu wa udongo mwekundu na hewa ya baridi. Aliye Ruai au upande wa Embakasi, kwenye udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi, mvua yake ni haba zaidi, na oti inaweza kumaliza maji ambayo mboga ingeyahitaji. Huko ningepanda mtama au uwele mwanzoni mwa mvua na kuukata mapema. Ila mtama mchanga, na hasa machipukizi yake baada ya kukatwa, una sumu ya sianidi inayoweza kuua ng'ombe; usimruhusu mtu yeyote aukate kwa malisho ukiwa bado mfupi.

Malisho ndiyo majaribu makubwa ya kazi hii. Kila Julai, jirani yangu husimama kwenye ua na kuniuliza, "Mama, hii yote utaiacha ioze kweli?" Ninamwelewa, maana ana ng'ombe wawili na nyasi za kununua ni ghali. Lakini majaribio yaliyoanzishwa mwaka 1976 katika maabara za utafiti wa kilimo pale Kabete, si mbali na kwetu, yameonyesha kwamba udongo mwekundu unaolimwa mfululizo hupungukiwa na mboji mwaka baada ya mwaka, na hali huwa mbaya zaidi pale ambapo mabua huondolewa na samadi haiwekwi. Ndiyo maana tumepatana hivi: anakata theluthi ya chini, kwenye tambarare karibu na kijito, anaacha mashina yenye urefu wa kiganja, na kabla ya mvua za vuli ananiletea wilbaro kumi za samadi. Mteremko wenyewe hauguswi hata jani.