Maswali ya Wasomaji: Upepo upo, umeme uko wapi?

SWALI: Mhariri, nimepita Loiyangalani alasiri nikakuta mapanga mengi ya mitambo ya upepo yamesimama. Yameharibika? (Msomaji, Marsabit)

JIBU: Si lazima. Mitambo iliyoko huko ni 365, kila mmoja wa kilowati 850, jumla megawati 310. Panga za aina hiyo huanza kuzalisha umeme upepo ukifika mita 4 hivi kwa sekunde, na ukifika 25 hujizima zenyewe zisivunjike. Upepo wa Turkana, unaobanwa kati ya nyanda za juu za Kenya na za Ethiopia, hushika kasi usiku na alfajiri, kisha hulegea alasiri. Ulipita wakati umelegea.

Kinachotuuma zaidi ni panga kusimama usiku wa manane upepo ukivuma. Saa hizo watu wamelala, viwanda vingi vimezimwa, na umeme wa jotoardhi wa Olkaria, unaotokana na mvuke wa ardhini, haufai kupandishwa na kushushwa kila saa. Kwa hiyo waongozaji wa gridi ya taifa huamuru umeme wa upepo upunguzwe. Umeme hutakiwa zaidi kuanzia saa moja hadi saa tatu usiku, watu wakipika na taa zikiwaka.

Halafu kuna laini ya umeme. Mitambo ya Loiyangalani ilikuwa tayari mwaka 2017, ila laini ya kilovolti 400 kwenda kituo cha umeme cha Suswa, zaidi ya kilomita 400, iliunganishwa Septemba 2018. Mkandarasi wake kutoka Uhispania alifilisika njiani, kampuni za China zikaja kumalizia, na fidia ya kuchelewa ikalipwa na upande wa serikali. Mitambo ya upepo ya Kipeto kule Kajiado, megawati 100, haikuhitaji laini ya namna hiyo. Hadi kituo cha umeme cha Isinya ni mwendo mfupi.

SWALI: Naishi Singida, upepo hauishi. Nikifunga kipanga kidogo cha umeme wa upepo, chenye kipenyo cha mita 2, kitatosha nyumba? (Msomaji, Singida)

JIBU: Tulia kwanza na hesabu. Upepo wa mita 4 kwa sekunde utakupa wati 30 hivi. Wa mita 8, wati 240. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu huongezeka mara nane, ndiyo maana upepo unaousikia masikioni hautoshi kuamulia. Weka kipima upepo kwenye urefu utakaofunga kipanga, usome mwaka mzima.

Mnara wa kipanga uwe juu, kwa mita 9 au zaidi, kuliko mti au paa lolote lililo ndani ya mita 100. Wengi hufunga juu ya paa. Upepo hapo huzunguka ovyo, nyumba hutetemeka, beringi hufa mapema.

Kebo nayo hula umeme. Wati 240 kwa volti 12 ni ampea 20: kwenye kebo ya milimita za mraba 6, betri ikiwa umbali wa mita 40, utapoteza zaidi ya volti 4. Tumia volti 24, au 48 ukiweza.

Betri zikijaa, umeme lazima upate pa kwenda, kwenye koili ya kuchemshia maji kwa mfano. Ukiukata tu, kipanga huachiliwa bila mzigo, huzunguka kupita kiasi na kujing'oa. Ukitaka kukishusha kwa matengenezo, subiri upepo utulie ndipo uunganishe nyaya zake tatu pamoja kisimame. Ukifanya hivyo kwenye upepo mkali utaunguza koili za jenereta.