Nyaya za Meno Zimetoka, Sasa Riteina: Majibu kwa Wasomaji

Maswali ya safari hii yote yanahusu riteina, kile kifaa mtu anachopewa siku anayotolewa nyaya ili meno yasirudi yalikotoka. Ziko aina tatu. Kuna sahani ya plastiki ngumu yenye waya unaopita mbele ya meno, inayoitwa Hawley kwa jina la daktari Mmarekani aliyeibuni mwanzoni mwa karne ya 20. Kuna ganda la plastiki angavu linalofunika meno yote. Halafu kuna waya mwembamba unaogandishwa nyuma ya meno ya mbele, ambao hauvuliwi. Barua nimezifupisha, mniwie radhi.

Shikamoo daktari. Nimevaa nyaya miaka miwili, zimetolewa mwezi uliopita. Sasa naambiwa riteina nitavaa usiku maisha yangu yote. Huu si mradi wa watu kweli? (Msomaji, Dodoma)

Marahaba. Mradi ungelipa zaidi kama usingevaa, maana ungerudi kufungwa nyaya upya, na hapo ndipo penye gharama.

Jino halijagandana na taya. Limeshikwa na nyuzi laini zinazoliunganisha na mfupa na ufizi. Nyaya zinapolisukuma, mfupa huliwa upande mmoja na kujengeka upande wa pili, na nyuzi zote huvutika. Siku nyaya zinapotoka kazi hiyo bado haijakwisha. Nyuzi zinazozunguka mzizi huhitaji kama miezi 3 hadi 4 kujipanga upya, zile za ufizi miezi 4 hadi 6, na zile zinazonyumbuka, zilizo juu ya ukingo wa mfupa, huweza kuendelea kuvuta hadi mwaka mzima. Msumbufu kuliko wote ni jino lililokuwa limepinda likazungushwa: nyuzi zake zimesokotwa kama mpira, zinasubiri tu uachie. Ndiyo maana wengi huagizwa kuvaa mchana na usiku kwa miezi ya mwanzo, kisha usiku peke yake. Wapo madaktari wanaoanza moja kwa moja na usiku. Mfuate aliyekupanga meno, yeye ndiye aliyeyaona yalivyokuwa.

Hiyo ni habari ya mwaka wa kwanza. "Maisha yote" ina sababu nyingine: meno husogea kadiri umri unavyokwenda, hata ya mtu ambaye hajawahi kuvaa nyaya, na ya mbele ya chini ndiyo hubanana zaidi. Mwaka 1981 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, walichapisha matokeo ya watu 65 waliong'olewa magego madogo na kupangwa meno, wakachunguzwa miaka 10 au zaidi baada ya kuacha riteina. Waliobaki na meno ya chini yaliyopangika vya kuridhisha hawakufika asilimia 30. Tena usikimbilie kuyalaumu magego ya mwisho yanayoota ukubwani. Watu huyang'oa wakidhani ndiyo yanayosukuma ya mbele, lakini utafiti haujaunga mkono kuyang'oa kwa sababu hiyo tu.

Basi vaa usiku kwa muda wote unaotaka meno yakae yalivyo. Ukichoka ukiwa na miaka 60, hiyo ni hiari yako.

Riteina yangu ya plastiki angavu imefanya ukoko mweupe mgumu, na asubuhi inanuka. Shemeji ananiambia niichemshe dakika tano. Maji yetu ni ya kisima. (Kigamboni, Dar es Salaam)

Mwambie shemeji achemshe mayai. Ganda lako lilitengenezwa kwa kulainisha plastiki kwa joto na kuifyatua juu ya sanamu ya meno yako. Ukilirudishia joto linalegea na kupoteza umbo, na halitakaa tena mahali pake. Hata kuliacha ndani ya gari lililoegeshwa juani kunatosha kuliharibu.

Ukoko huo ni ugaga, uleule unaoota kwenye meno: madini ya mate yamegandia kwenye utando wa bakteria. Maji yenye chumvichumvi nyingi huongeza ya kwake, kwa hiyo suuzia maji ya kunywa ukiweza. Ukoko uliopo uloweke kwenye siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, dakika 15 hadi 20, kisha sugua kwa mswaki laini na usuuze mpaka harufu ya siki iishe. Vidonge vya kusafishia meno ya bandia, vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa, navyo vinafaa. Fuata muda ulioandikwa kwenye pakiti. Usitumie jiki. Ukoko ukigoma, peleka kliniki wakusafishie.

Kila siku, maji ya kawaida, mswaki laini wa peke yake na tone la sabuni ya maji vinatosha. Dawa ya meno iache kwa ajili ya meno. Ina chembe za kung'arisha zinazoikwaruza plastiki, na bakteria hujificha kwenye mikwaruzo hiyo. Kuhusu harufu, nitauliza bila kukuudhi: unapiga mswaki kabla ya kuivaa usiku, au unafunika mabaki ya wali humohumo?

Naruhusiwa kunywa chai nikiwa nimeivaa? (Arusha)

Maji matupu tu. Chai yenye sukari huingia chini ya ganda ikatulia hapo, mate hayafiki kuiosha, na jino linaanza kuoza taratibu. Ikiwa ya moto inalegeza na plastiki. Soda vilevile. Vua, kunywa, sukutua, vaa.

Mwanangu yuko kidato cha pili, shule ya bweni. Wakati wa kula aliifunga riteina kwenye tishu, ikatupwa na makombo. Nimelipia nyingine. Nifanyeje hii isipotee? (Mama, Morogoro)

Pole mama. Tishu ndiyo adui nambari moja wa kifaa hiki. Mfundishe kwamba riteina ina makazi mawili, mdomoni na kwenye kikebe chake. Mfuko wa shati hapana, chini ya mto hapana. Kikebe kiwe cha rangi kali, chenye matundu ya hewa, na jina lake liandikwe kwa wino usiofutika. Kama ameshafikia hatua ya kuvaa usiku tu, kikebe kisitoke bwenini kabisa, na matroni ajue kuna kitu hicho.

Muulize pia daktari kama bado anayo sanamu ya meno ya mtoto au picha yake ya kompyuta. Ikiwapo, na meno hayajasogea, nyingine hutengenezwa bila kuchukua vipimo upya. Likizo akirudi nyumbani, na kama mnafuga mbwa, kikebe kiwekwe juu: mbwa hupenda sana kutafuna riteina.

Asalaam aleikum. Nimo mwezi wa pili tangu nitolewe nyaya, daktari ataka nivae saa zote. Ramadhani yaja. Nifanyeje? (Mombasa)

Waaleikum salaam. Hukumu muulize sheikh wako, mimi nakueleza upande wa kinywa. Riteina iliyosuuzwa vizuri haina ladha wala haitoi kitu cha kumeza. Baada ya daku piga mswaki, isafishe, hakikisha haina mabaki ya sabuni wala kidonge, ndipo uivae. Mchana mate hupungua na kinywa hukauka, hivyo itanuka upesi kuliko siku nyingine. Mswaki wa mti utumie kwa meno, usiusugulie plastiki. Magharibi ivue kabla ya tende.

Ukiamua kutoivaa mchana, mwambie daktari kabla mwezi haujaandama. Kuanzia tarawehe hadi daku ni saa chache mno kwa mtu wa mwezi wa pili, na huenda akakupangia njia nyingine.

Tulikuwa na msiba, nikaacha kuvaa karibu miezi mitatu. Sasa inaingia nusu na inauma. Nilazimishe? (Mwanza)

Poleni kwa msiba. Tazama kwenye kioo. Kama inakaa mpaka mwisho na inabana tu, ivae saa nyingi zaidi kwa siku kadhaa mpaka itulie. Lakini wewe unasema nusu, yaani kati ya plastiki na jino kuna nafasi. Hapo usilazimishe, wala usiing'ate ili ishuke; itapasuka au itasukuma meno ovyo. Ikiwa ni ile ya waya, koleo za nyumbani zisiguse. Nenda kwa daktari na riteina yenyewe mkononi. Meno yakiwa yamesogea kidogo tu, huenda ukatengenezewa mpya ya kuyashikilia yalipo sasa, na mambo yakaishia hapo.

Waya wangu wa nyuma ya meno ya chini umebanduka kwenye jino moja. Hauumi. Nina miadi mwezi Desemba, nisubiri? (Nairobi)

Usisubiri. Jino lililoachiwa linaanza safari yake mara moja, nawe hutasikia maumivu. Jambo baya zaidi ni waya uliopinda huku bado umeshikilia meno mengine, kwa sababu huweza kuyasukuma kusikotakiwa, na miezi michache inatosha kulipindua jino.

Kwa sasa usiuvute. Ncha ikichoma ulimi, ifunike kwa nta ileile uliyopewa wakati wa nyaya. Mahindi ya kuchoma na miwa weka kando. Kama una riteina ya kuvaa na bado inaingia vizuri bila kuukwaza waya, ivae usiku. Hapo nyuma pia ndipo mate ya chini ya ulimi yanapotokea na ndipo ugaga hupenda kukaa, kwa hiyo pitisha uzi wa meno chini ya waya kila siku, na siku hiyo hiyo ya kugandishiwa omba wakusafishe. Piga simu kesho asubuhi, useme waya umebanduka. Kuugandisha upya si kazi ndefu, na huenda wakakuchomeka kati ya wagonjwa wawili.