Gesi ya Kiyoyozi: Soma Kibandiko Kabla ya Kuuliza Bei

Wengi wetu tukienda kununua kiyoyozi cha nyumbani tunauliza bei, ukubwa wake, na kama kinakula umeme mwingi. Mimi siku hizi naanza na swali ambalo wauzaji wengi hawalitarajii: ndani kina gesi gani? Jibu limeandikwa kwenye kibandiko kilichopo ubavuni mwa mtambo wa nje, ule wenye feni kubwa. Utaona herufi R na namba, na karibu yake uzito wa gesi yenyewe, kwa mfano R-32, kilo 0.75. Mstari huo mdogo una habari nyingi kuliko picha za majani mabichi zilizochapwa kwenye boksi.

Kwa miaka mingi viyoyozi vya majumbani vilitumia R-22. Gesi hiyo ina klorini, na klorini ikifika juu angani hula tabaka la ozoni, ndiyo maana nchi zilikubaliana chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 kuachana nayo hatua kwa hatua. Ikaingia R-410A, ambayo haina klorini na haidhuru ozoni. Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopotoshwa bila kujua. Boksi linasema mashine ni rafiki wa ozoni, na ni kweli, ila gesi ileile ni hatari kubwa kwa joto la dunia. Kilo moja ya R-410A ikivujia hewani, kwa hesabu ya miaka 100, inaongeza joto sawasawa na kilo 2,088 za hewa ya ukaa. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takribani kilo 2.3 za hewa hiyo. Kwa hiyo kilo moja tu ya gesi, iliyotoroka kimyakimya kwenye nati iliyolegea, ni sawa na kuchoma lita 900 hivi za petroli. Mimi nilipoipiga hesabu hiyo mara ya kwanza niliirudia, nikidhani nimekosea nukta.

Oktoba 2016 nchi zilikutana Kigali, Rwanda, zikaifanyia Itifaki ya Montreal marekebisho ili gesi za kundi la R-410A, zisizodhuru ozoni ila zinazoongeza joto, nazo zipunguzwe. Marekebisho hayo yalianza kutumika tarehe 1 Januari 2019. Kiyoyozi kizuri hudumu miaka kumi na zaidi, hivyo anayenunua leo mashine ya R-410A kwa sababu imeshushwa bei anajifunga na gesi ambayo viwanda vinaiacha. Ushauri wangu ni mfupi: kama bado unachagua, iache.

Sasa ubaki na zipi? Inayopatikana kwa urahisi zaidi ni R-32. Namba yake ya kuongeza joto, kwa hesabu ileile ya kilo za hewa ya ukaa, ni 675, yaani chini ya theluthi moja ya R-410A, na mashine yake kwa kawaida huhitaji gesi kidogo zaidi kufanya kazi ileile. Faida nyingine ambayo mafundi wanaipenda ni kwamba R-32 si mchanganyiko. Ni gesi moja tu, kwa hiyo ikinyonywa na kusafishwa ni rahisi kuitumia tena. Lakini tusiipambe kupita kiasi. R-32 hukaa hewani muda mfupi, na madhara yake karibu yote huyafanya mapema. Ukiipima kwa miaka 20 badala ya 100, namba yake inavuka 2,000. Ni nafuu ya kweli ukilinganisha na ya zamani, ila bado haitoshi kuitwa gesi safi.

Gesi ninayoiamini kuliko zote kwa nyumba ni R-290. Hii ni propani, ndugu wa gesi ya kupikia, iliyosafishwa kwa kiwango cha juu. Uwezo wake wa kuongeza joto la dunia haufiki hata 5, haigusi ozoni, na inabeba joto vizuri sana, kiasi kwamba mashine inaridhika na gramu mia chache tu. Inawaka, na hilo halifichwi. Katika madaraja ya usalama iko A3, daraja la gesi zinazoshika moto kwa urahisi, wakati R-32 iko A2L, ambazo huwaka kwa shida na moto wake husambaa taratibu. Watu wakisikia hivyo wanakimbia, na huku friji nyingi za kisasa za majumbani zinatumia R-600a, isobutani, ambayo nayo iko A3. Huenda yako ni mojawapo. Angalia kibandiko kilichopo nyuma yake.

Hata hivyo kiyoyozi si friji. Gesi yake ni nyingi zaidi, na paipu zake zinaingia hadi chumbani mnapolala. Propani ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama sakafuni, na hii ya viyoyozi kwa kawaida haitiwi ile harufu ya kututahadharisha iliyomo kwenye mtungi wa jikoni. Ndiyo maana mtengenezaji anaandika kwenye kitabu cha maelekezo ukubwa mdogo kabisa wa chumba, kwa mita za mraba, ambamo mashine yake inaruhusiwa kufungwa. Mimi nilitaka R-290 nyumba nzima. Sebule ilitosha bila wasiwasi. Chumba cha kulala kilikuwa kidogo kuliko kipimo cha kitabu, basi huko nikaweka R-32, nayo baada ya kuangalia kipimo chake. Sikutafuta njia ya kuzunguka, na wewe usimruhusu muuzaji akutafutie.

Utakutana pia na R-454B, yenye namba 466. Kwa namba peke yake ni bora kuliko R-32. Kinachonifanya nisite ni kwamba karibu theluthi moja yake ni gesi nyingine, R-1234yf, ambayo ikishavunjika hewani huacha asidi iitwayo TFA. Asidi hiyo hushuka na mvua, huingia kwenye maji na haiozi. Kama ndiyo pekee unayoweza kuipata, bado ni bora mno kuliko R-410A. Kama una nafasi ya kuchagua, mimi ningeshika R-290 kwanza, kisha R-32.

Kuna jambo moja nalisema kwa msisitizo wote nilio nao. Usikubali fundi akuambie atatoa R-22 au R-410A kwenye mashine yako ya zamani akuwekee propani ili "iwe rafiki wa mazingira". Mashine iliyoundwa kwa gesi isiyowaka ina swichi na viunganishi vya umeme vinavyoweza kutoa cheche, na hakuna aliyevikinga kwa sababu hakukuwa na haja. Na gesi ya mtungi wa jikoni ndiyo kabisa: imechanganywa na butani, ina unyevu na ina dawa ya harufu, itaua kompresa, ile pampu inayozungusha gesi, hata kama haitaua mtu. R-32 nayo haiingizwi kwenye mashine ya R-410A. Kila mashine na gesi yake iliyoandikwa kibandikoni.

Tukija kwenye ufungaji, hapa ndipo ningependa uwe mkali kuliko dukani, kwa sababu gesi haidhuru hewa ikiwa imebaki ndani ya paipu. Fundi aliyefunga changu alianza kwa kujaza naitrojeni kwenye paipu za shaba, akaiacha chini ya shinikizo, kisha akapaka povu la sabuni kwenye kila nati. Nati tatu zilitulia. Ya nne, iliyo nyuma ya mtambo wa nje, ilitoa kipovu kimoja kidogo kilichovimba polepole mpaka kikapasuka. Angeweza kuikaza kwa nguvu tukaendelea. Badala yake alikata ncha ya paipu, akaitanua upya, akafunga kwa spana inayopima nguvu, na akapaka sabuni tena. Baadaye akaunganisha pampu ya vakyumu kunyonya hewa na unyevu wote, akaizima, tukakaa tunaitazama geji kama itapanda. Haikupanda. Ndipo alipofungua gesi.

Mafundi wengi wana mtindo wa mkato: wanafungua gesi kidogo isukume hewa nje ya paipu, wanasikia "fsss", wanafunga nati na kuondoka. Kwa gesi zinazowaka huo ni mchezo wa hatari, na kwa gesi yoyote ni uchafuzi unaoulipia mwenyewe. Kabla ya kukubaliana bei, muulize fundi kama ana pampu ya vakyumu na mizani ya kupimia gesi. Akicheka, tafuta mwingine.

Vilevile lifute kichwani wazo kwamba gesi ya kiyoyozi huisha kama mafuta ya gari. Haiishi. Inazunguka mlemle, miaka nenda rudi. Ukiona kila msimu wa joto unaitiwa fundi "kuongeza gesi", ujue kuna mahali inavuja, na kila unapoongeza unalipia ile itakayotoroka mwakani. Mwambie atafute tundu kwanza.

Umeme nao nisiuruke, maana kwa nyumba nyingi ndio wenye madhara makubwa kuliko gesi yenyewe. Chukua kiyoyozi cha inveta, yaani chenye kompresa inayopunguza kasi badala ya kuwaka na kuzima, cha ukubwa unaolingana na chumba, ziba mianya ya madirisha, safisha vichujio. R-290 ndani ya mashine inayokesha ikipoza dirisha lililo wazi haimsaidii mtu.

Na kama tayari unacho cha R-410A kinachofanya kazi na hakivuji, kaa nacho. Kukitupa mapema ili ununue kipya si faida kwa hewa, hasa ikiwa gesi yake itaachwa itoke uani. Siku kitakapofika mwisho, mwambie fundi akusanye gesi kabla ya kukata paipu: kama kompresa bado inazunguka anaweza kuirudisha yote kwenye mtambo wa nje kwa kufunga valvu, kwanza ya paipu nyembamba, kisha ya paipu nene, na kama imekufa atahitaji mashine ya kunyonyea na mtungi wake. Liweke jambo hilo kwenye makubaliano ya kazi tangu mwanzo pamoja na malipo yake, kwa sababu linachukua muda, na fundi asiyelipwa kwa muda huo atafungua valvu tu.