Famakolojia kwa simu: shika mkia wa jina

Pole mdogo wangu. Umesema uko Ujiji, una mwezi mmoja wa famakolojia (elimu ya dawa na zinavyofanya kazi mwilini) ya uzamili mtandaoni, intaneti inakatika katikati ya kipindi na majina ya dawa yanakuchanganya. Nilisoma hivyo hivyo nikiwa Mwanga, hapo hapo Kigoma.

Intaneti: omba mihadhara iliyorekodiwa, pakua usiku wa manane, sikiliza asubuhi. Kipindi cha moja kwa moja, zima kamera.

Majina ndiyo shughuli. Usikariri dawa moja moja, kariri mkia, yaani herufi za mwisho wa jina, maana dawa za kundi moja mara nyingi huishia sawa. Propranololi, atenololi: -ololi, huziba vipokezi vya beta (sehemu za seli zinazopokea adrenalini), mapigo ya moyo yanapungua. Kaptoprili, enalaprili: -prili, hushusha presha, ila wengine huwaletea kikohozi kikavu. Mimi nilibandika mikia hiyo mlangoni jikoni. Mama mkwe akadhani hirizi! Nusu-uhai nayo, yaani muda wa dawa kupungua nusu mwilini, ichore: miligramu 100, 50, 25, 12.5.

Angalizo: majirani wakijua unasoma dawa watakuja na vidonge mkononi. Waelekeze kwa mfamasia. Na usingizi ukikukimbia wiki nzima, mwone daktari, usijiandikie dawa mwenyewe.