Kahawa ya uyoga haiponyi kisukari

Umeniuliza kama kahawa ya uyoga, yaani kahawa iliyochanganywa na unga wa uyoga, inaponya kisukari cha mama. Hapana yaya, haiponyi, na mama asiache vidonge vyake. Utafiti unaotajwa sana kuisifu ni wa Japani, 2009, nao ulihusu kumbukumbu, si kisukari: wazee wapatao 30 walioanza kusahau walimeza gramu 3 za unga wa Hericium, aina moja ya uyoga unaotiwa kahawani, kila siku kwa wiki 16. Kumbukumbu ikaongezeka kidogo, ikashuka tena walipoacha. Sasa geuza kopo la kahawa hiyo, soma maandishi madogo ya nyuma. Lile waliloniletea famasini hapa Lubumbashi limeandikwa miligramu 250 za uyoga kwa kikombe, yaani vikombe 12 ndiyo ufikie kipimo kile! Nguvu unayosikia asubuhi ni kafeini.

Linaloniogopesha ni reishi, uyoga mwingine unaotiwa humo: inaweza kuzidisha kutoka damu kwa anayemeza warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), na kushusha sukari kupita kiasi ikikutana na dawa za kisukari. Chaga, aina nyingine ya uyoga, nayo ina oksaleti nyingi, kemikali inayoweza kuumiza figo; imeshaharibu figo za mtu aliyeitumia kila siku kwa miezi.

Ule uyoga wa kichuguu unaouzwa kando ya barabara wakati wa mvua ni mboga. Upikeni tu, msiusage mkautia kahawani.