Barua ya rufaa yenye “?TB” uiandikeje

Dada wa Tukuyu uliyeuliza uingizeje kwenye faili la mgonjwa barua iliyorudi kutoka hospitali ya rufaa Mbeya ikiwa na “?TB”, usiiingize kama A15, mojawapo ya misimbo ya magonjwa ya ICD-10 (orodha ya kimataifa ya magonjwa na dalili). Alama ya kuuliza maana yake daktari bado anashuku, na A15 ni ya kifua kikuu kilichothibitishwa kwa vipimo. Ukiiweka, mgonjwa atabebeshwa ugonjwa ambao huenda hana kila faili lake likifunguliwa, na hilo linaumiza watu kweli. Andika dalili iliyotajwa. Kikohozi ni R05. Presha yake ya siku zote, I10, iache ibaki kwenye faili kama ilivyo. Dawa zikiwa zimebadilishwa, mpe daktari wenu barua aione kwanza. Na majina ya huko kwenu yanafanana mno, akina Mwa- ni wengi, kwa hiyo hakikisha pia kuwa tarehe ya kuzaliwa na namba ya faili ni za mgonjwa huyohuyo.